Sauti Yangu Sokoni Kasongo

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Mama Consolée alifika kwangu na kikapu cha lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Aliyekutana naye njiani aliona majani tu. Chini ya majani kulikuwa na kitabu cha masomo ya kanisani, kimefungwa katika kipande cha kitambaa cha kikwembe ili kisilowe.

Tuliketi nyuma ya nyumba, ungo wa karanga katikati yetu. Mimi nilisoma mstari mmoja, yeye akaurudia. Nilisoma wa pili, akairudia yote miwili. Karanga zilipokwisha kumenywa, somo zima la Jumapili lilikuwa limeingia kichwani mwake. Halafu nilichukua uzi mwekundu, nikaupaka uji wa mihogo kidogo, nikaubandika kwenye ukurasa wa somo ili ajue pa kufungua. Mama Consolée hakujua kusoma. Lakini kila Jumapili alisimama mbele ya watu, akafungua penye uzi, akatamka kila neno mahali pake, nao wakamwita Msomaji. Mimi ni Mwislamu, na shule yangu iliishia darasa la sita la msingi, lakini masomo ya kanisa lao nayajua mengi kwa sababu yake.

Urafiki wetu ni wa zamani. Tulikimbia Kabambare pamoja wakati wa vita. Yeye alimbeba mwanangu Atumani mgongoni, naye alikuwa mtoto wa miaka mitano, mzito; mimi nilibeba sufuria zake kichwani. Tulipofika Kasongo hatukuulizana nani alibeba zaidi.

Siri ya kitabu tuliijua sisi wawili, na mtu wa tatu mmoja tu: mjukuu wangu Mounira, binti wa Atumani, anayeniita Koko, yaani bibi, ambaye ninaishi naye na mama yake tangu baba yake aende kwenye machimbo ya dhahabu. Alipokuwa na miaka minane alitukuta tukisoma, ndoo ya maji kichwani. Mama Consolée alimpa karanga kiganja kimoja, akamwambia, "Mutoto, karanga unakula. Kile umesikia, unakiacha hapa." Mounira aliitikia, akala karanga zake. Kwa miaka minne hakusema neno.

Mwaka huu Mounira ametimiza miaka kumi na miwili. Redio ya jamii ya hapa ilianzisha darasa la wanafunzi kila Jumatano mchana, naye akachaguliwa. Mwalimu wao alikuwa mtangazaji mmoja mpole, Papa Heri. Aliwafundisha kushika mikro ngumi moja mbali na mdomo. Aliwafundisha kuuliza nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Aliwafundisha pia kufumba macho na kusikiliza, maana redio haina picha. Mounira alirudi nyumbani akanizuia nisikoroge chungu.

"Koko, ngoja. Sikia mawese. Iko inaongea."

Nilisikiliza. Ni kweli, mafuta yalikuwa yakinong'ona. Nimepika kwa mawese miaka yote hii, sikuwahi kuyasikia. Nilifurahi kwamba mtoto wangu anajifunza kazi yenye masikio.

Wiki ya nne Papa Heri aliwapa kazi. "Leteni Ijumaa jioni sauti ya mzee mmoja," alisema, "asimulie jambo la kweli ambalo mji haujalisikia. Atakayeshinda, tutamweka hewani Jumamosi, saa ya soko. Lakini kwanza muulizeni mwenye sauti. Akikataa, mnaacha."

Ijumaa nilikuwa nikichunga unga wa mihogo. Mounira aliketi karibu nami, akaweka simu ya mama yake juu ya kigoda, uso chini.

"Koko," akasema, "wewe na Mama Consolée mlianzaje mambo ya kusoma?"

Nani hapendi kuulizwa na mjukuu? Nikasimulia. Nilieleza kikapu, karanga, uji wa mihogo, uzi mwekundu. Nikaeleza na ile Jumapili ya mwaka wa kwanza, ambayo Consolée mwenyewe alinisimulia tukacheka mpaka machozi: alivyopanda mbele kwa haraka, akashika kitabu juu chini, na somo likaenda mpaka mwisho bila kukosa neno. "Kitabu kiko kichwa chini," nikasema, "na yeye anasoma tu kama maji ya Lualaba." Nikacheka tena. Kilikuwa kicheko cha nyumbani, cha mtu anayempenda mwenzake.

Jumamosi tulikuwa sokoni, Mama Consolée na mawese yake, mimi na karanga zangu, meza zetu zikigusana kama kawaida. Upande wa pili Radjabu, fundi wa simu, alikuwa amefungua redio yake kwa nguvu. Consolée alikuwa akimpimia mama mmoja mafuta, faneli ya plastiki mdomoni mwa chupa, nami nikasikia kikongwe fulani akisimulia habari za karanga. Nikawaza, huyu mama anaongea kama marehemu dada yangu. Kisha nikasikia jina la Consolée, na "uzi mwekundu."

Sijui kama umewahi kusikia sauti yako ikitoka mahali ambapo hupo. Nilitaka kumwambia Radjabu azime, lakini redio zilikuwa nyingi, sokoni kote, na zote zilikuwa mimi. Kikafika kile kicheko. "Kitabu kiko kichwa chini." Watu wa meza za nyuma wakacheka pamoja nami.

Mafuta yalijaa chupani, yakafurika, yakashuka mkononi mwa Consolée mpaka kwenye kiwiko. Hakuyafuta. Yule mama mnunuzi aligeuza chupa, akaonyesha karatasi iliyobandikwa.

"Msomaji," akasema, "hapa wameandika nini?"

Consolée aliziba chupa, akampa. Akaanza kupanga vitu vyake ndani ya beseni, kimoja kimoja.

"Dada, sikujua," nikamwambia.

"Sauti ile ni ya nani, Mama Atumani?"

Sauti ilikuwa yangu.

"Nilikubebea mutoto," akasema polepole. "Wewe ulinibebea kitu kimoja tu, na umekimwaga sokoni." Akajitwika beseni, akaondoka kabla ya saa nne, siku ya soko.

Nilimkuta Mounira mlangoni, anang'aa. "Koko, umesikia? Papa Heri anasema sauti yako ni nzuri kuliko zote. Wenzangu wote wamenipigia makofi."

Niliweka kapu chini. "Nani alikuruhusu kuchukua sauti yangu?"

Akaiweka simu nyuma ya mgongo.

"Papa Heri hakukuuliza kama nimekubali?"

"Aliuliza." Sauti yake ilishuka. "Nilisema umekubali. Nilijua ungekataa, na hadithi ilikuwa nzuri, Koko. Nilitaka watu wajue una moyo mwema."

"Na karanga alizokupa Mama Consolée?"

Hapo akakumbuka. Niliona uso wake unavyobadilika. Alianza kulia, nami siku ile sikumbembeleza. Nilikuwa nimeibiwa na mkono nilioulisha mwenyewe, na aliyeonekana mwizi mbele ya rafiki yangu nilikuwa mimi.

Jumapili, jirani yangu Francine alirudi kanisani akaniambia kwamba Mama Consolée alikaa benchi la nyuma kabisa, na somo lilisomwa na msichana mmoja aliyejikwaa kila mstari. Jumatatu sokoni meza yake ilihamia karibu na wauza samaki wa Nyangwe. Alhamisi, baada ya alasiri, niliweka ungo mahali pake nikasubiri. Nilimenya karanga zote peke yangu. Kikapu hakikuja. Mounira alisimama pembeni na ndoo, akaona nilivyoutazama mlango.

Kesho yake, bila kutumwa, alikwenda redioni akamweleza Papa Heri kila kitu, na uongo wake. Jioni Papa Heri mwenyewe alikuja kwangu, kofia mkononi.

"Mama, na mimi nina kosa," akasema. "Nilipokea neno la mutoto. Kukupigia simu ni dakika mbili, sikupiga."

Mounira alimwambia, "Papa, nipeleke hewani niombe msamaha. Mji mzima usikie."

Papa Heri alitikisa kichwa. "Ukimwomba msamaha hewani, unamtaja mara ya pili, na hujamuuliza. Kwanza nenda kwa miguu."

Tukaenda watatu. Mama Consolée alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Hakuacha kutwanga, wala hakutupa viti. Mounira alisogea mbele, akapiga magoti.

"Mama, Koko hakujua. Nilimrekodi na simu kwa siri. Nilimdanganya Papa Heri. Kile uliniambia nikiache pale, mimi ndiye nilikitoa."

Mchi ulisimama. "Sema tena," akasema Consolée.

Mounira akasema tena, yote, na mara hii akilia. Consolée alinitazama mimi, si mtoto. Akafuta jasho kwa ncha ya kikwembe.

"Kumbe na wewe uliibiwa," akasema.

"Tena na mjukuu wangu."

"Basi kaeni. Mnasimama kama watu wa kodi." Akamgeukia Papa Heri. "Jina langu lisirudi tena kwenye redio yako, hata kwa sifa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Papa Heri alimwinua Mounira. Alimwambia kwamba mpaka mwisho wa mwaka wa shule atakuja darasani kama wenzake, atabeba nyaya na betri, lakini mikro hataishika. Kisha akamwambia maneno ambayo nimeyashika. "Wewe uliuliza kama habari ni ya kweli. Vizuri. Ukauliza kama ni tamu. Hukuuliza ni ya nani. Sauti ya mutu na siri yake ni amana. Mwandishi aliyepoteza amana, kesho hata akisema kweli, nani atamfungulia mlango?"

Jumapili iliyofuata Francine alikuja mbio kwangu kabla hajavua viatu vya kanisani. Mama Consolée alikuwa amesimama mbele ya watu bila kitabu. Mikono mitupu, akaiweka kifuani. Watu waliotaka kucheka walikuwapo, anasema Francine, na alitamka somo zima, refu kuliko yote ya mwezi, bila kukosa herufi moja. Alipomaliza hakuna aliyekohoa. Nilishangaa nani alimsomea. Baadaye Mounira aliniambia kwamba Jumamosi alikwenda kwake, akamsomea mara tatu, simu ameiacha nyumbani.

Sasa Alhamisi tuko watatu kwenye ungo mmoja. Mounira ndiye anayesoma, maana macho yangu yamechoka, na akimaliza somo Consolée humsimulia mambo ya zamani ya Kabambare. Mengine ni mazuri mno, yangeshinda mashindano yoyote. Yanabaki pale pale, pamoja na maganda.

Hadithi hii ninyi wanafunzi wa darasa la redio mnaisoma kwa sababu Mama Consolée amekubali. Mounira alimsomea kabla sijaitoa, mstari kwa mstari kama desturi yetu. Aliniambia niandike jina lake, maana mji unajua tayari, afadhali wajue vizuri. Sentensi moja tu alikataa, nami nimeifuta.