Kikombe Kilichobaki Ardhini

Kila msimu wa mvua, Maclovia na shangazi yake Hermelinda huingia msituni kabla ya saa za shule, kila mmoja na kikapu na kisu. Kwetu uyoga hukatwa shina juu ya udongo ili ufike sokoni ukiwa safi. Ndivyo walivyofanya bibi zetu. Daktari Ximena, mtaalamu wa kuvu aliyepanga chumba karibu na shule, alituomba tumletee uyoga mzima pamoja na udongo wake. Watoto wakamcheka na kumwita Mama Matope.

Jumanne moja Maclovia alichelewa kuamka, shangazi yake akatangulia. Ili ajaze kikapu upesi, akateremka korongoni, mahali ambapo shangazi yake alimkataza kwenda. Huko uyoga mweupe ulikuwa tele, nao ulifanana na ule wa kila siku kama shilingi kwa ya pili. Akakata, akauchanganya na ule wa shangazi yake bila kumwambia.

Kesho yake asubuhi kengele ya kanisa ikapigwa kwa fujo. Kengele ikilia hivyo, watu hawaji kusali. Huja na mapanga.

Nabor, mtoto mdogo wa Bwana Crisóforo, alikuwa hospitalini akitapika mfululizo baada ya kula uyoga ulionunuliwa kwa Hermelinda. Na kwa kuwa Hermelinda na Crisóforo waligombania mpaka wa shamba, nani angengoja ushahidi? Watu walimburuta Hermelinda kwa nywele mpaka uwanjani. Jiwe likampasua paji la uso. Meza yake ya sokoni ikavunjwa vipande vipande, na watu wakaokota miguu ya meza wakaifanya marungu.

"Umeniulia mwanangu, nyoka we!" Crisóforo alinguruma.

"Crisóforo, nimekuuzia uyoga tangu hujaota ndevu! Nikuue leo?"

Rungu likashuka. Mfupa wa mkono wa Hermelinda ulilia kama kuni kavu, na waliokuwa mbele waliusikia. Mtu akafika na dumu la petroli. Nikikumbuka kwamba wengi wao walikuwa wamekula mezani kwa mama yule, hasira hunipanda hadi leo.

Maclovia alikuwa nyuma ya umati. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Akapenya katikati ya miguu ya watu.

"Ni mimi! Shangazi hajui kitu! Niliuchuma korongoni nikauchanganya!"

Kofi la Crisóforo likamwangusha chini, mdomo ukajaa damu. Crisóforo akainua mkono tena, lakini Daktari Ximena akajitupa mbele yake.

"Piga, basi! Madaktari wananiuliza mwanao amekula nini, na anayejua ni huyu peke yake. Ukimvunja taya, nani atatuonyesha?"

Mkono ukabaki hewani. Kisha Crisóforo akauteremsha, akasema kwa sauti ndogo, "Twende."

Dumu la petroli likawekwa chini, nao wakashuka korongoni, Maclovia mbele, Crisóforo nyuma yake na panga. Daktari Ximena alifukua uyoga mmoja kwa vidole. Chini kabisa, ndani ya udongo, shina lilikuwa limekaa katika kikombe cheupe, kama yai lililopasuka.

"Uyoga wenu wa kuliwa hauna kikombe hiki," alisema. "Mkikata shina, mnakiacha ardhini. Huu ni jamaa ya uyoga unaoua ini." Akapiga simu hospitalini palepale, na madaktari wakabadilisha tiba.

Sampuli zilipelekwa maabara. Wakapima kofia ya uyoga na pete inayozunguka shina, wakalaza kofia juu ya karatasi mpaka ikadondosha vumbi la mbegu, wakalitazama kwa hadubini. Kwa sura, uyoga ulielekea kuwa wa mojawapo ya spishi mbili zinazojulikana. Vinasaba vikazikataa zote mbili. Ulikuwa spishi mpya, isiyo na jina.

Wiki kadhaa baadaye Nabor alirudi nyumbani, amekonda lakini anatembea. Jumapili hiyo watu walikusanyika uwanjani, na Daktari Ximena akauliza kama angeweza kuuita uyoga huo kwa jina la kijiji.

"Aka! Jina letu libebwe na sumu?" bibi mmoja akamaka.

Crisóforo akasimama, kofia mkononi. "Upe jina langu, daktari. Mimi ndiye niliyekaribia kuua." Akamgeukia Hermelinda, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa. "Nisamehe, mama."

Hermelinda alimvuta Maclovia karibu kwa mkono wake mzima.

"Wewe, mwanangu, ulikata kwa haraka, na hawa wakahukumu kwa haraka. Kosa ni moja: hakuna aliyetazama mpaka chini. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulifika ningali hai. Siku nyingine useme mapema."

Kisha akamtazama Crisóforo usoni.

"Uyoga ule ulikuwa haujulikani na mtu yeyote duniani. Mimi mlinijua."