Mgongo wa Afra

Ukuta wote ulikauka, ukabaki ule mgongo.

Asubuhi ile Vinzenz, fundi wa mabomba, alikuwa amefungulia maji ya moto kwa mara ya kwanza. Jiko kubwa la vigae, lile la kuni lililopasha nyumba joto, lilishavunjwa pamoja na benchi lake la kuotea moto, na sasa mabomba yalipita ndani ya kuta za nyumba nzima, yamekandikwa udongo. Udongo mbichi hukauka kwanza pale bomba lilipopita, kwa hiyo unaona joto linavyotembea, mstari kwa mstari. Ila pale jikoni palipokuwa na benchi, mistari ilifika ikakatika. Palibaki doa bichi lenye mabega, kichwa kilichoinama, na mgongo wa mtu aliyeketi.

"Bomba linavuja?" aliuliza Walburga, mwenye nyumba.

"Livuje wapi, mama? Shika hapa: moto. Haya, shika na hapa." Walburga hakushika. Vinzenz akashika mwenyewe, akaurudisha mkono upesi. "Mh! Barafu tupu."

Korbinian, mumewe Walburga, alicheka kicheko cha mtu anayetaka mgeni aondoke. "Litakauka tu. Udongo wa huku mkaidi kama wenyewe."

Halikukauka ng'o. Ikaja harufu ya kafuri na sufu iliyolowa. Kisha, jioni wakila, wakasikia kitu kinagongana ukutani, tikitiki, tikitiki.

"Unasikia?" Walburga alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anatetemeka meno, Korbinian?"

"Nyamaza, Walburga! Wageni watasikia."

Walijua wote wawili. Shangazi Afra, dada wa babake Korbinian, hakuolewa. Na kwetu huku milimani Tirol, anayerithi shamba anarithi na wazee wake. Baba huyo alimkabidhi mwanawe nyumba kwa sharti moja tu: Afra awe na nafasi yake kwenye benchi la jiko mpaka afe. Hata mlevi halivunji sharti kama hilo. Lakini walipoanza kupangisha vyumba kwa watalii wa theluji, Walburga aliona haya, bibi ananuka kafuri mbele za watu. "Pumzika juu kidogo, shangazi. Wageni wakiondoka utashuka."

Chumba cha juu hakikuwa na moto. Wageni wakaondoka, wakaja wengine. Siku moja Afra alikutwa amekauka, viganja amevibandika ukutani, kwenye ukuta ule uliopakana na dohani la jiko. Mazishini Walburga alilia kwa sauti: "Tulimbembeleza ashuke, akakataa! Kichwa kigumu!" Watu wakampa pole, naye akazipokea.

Ikafika jioni ya mkesha wa Krismasi, ambapo kila nyumba bondeni hufukizwa ubani kabla ya chakula. Walburga alishika kikaango cha kufukizia, akasimama katikati ya jiko lake jipya, ndipo akili ikamrudia. Makaa atayatoa wapi? Nyumba nzima ilikuwa na joto, na haikuwa na kaa hata moja. Yesu na Maria! Mwenye shamba kwenda kuomba makaa mkesha wa Krismasi!

Alikwenda kwa jirani, Bi Filomena, macho chini. Bibi alimjazia kikaango, akajitanda shali, akamfuata.

"Twende wote. Makaa yangu siyaachi peke yake."

Wageni walikuwa mezani. Walburga alianza kufukiza, na alivyozidi kuukaribia ule ukuta moshi ulizidi kulala chini, harufu ya kafuri ikaufunika ubani, meno yakagongana hata vijiko vikatikisika mezani, na baridi ikampanda kutoka vidoleni hadi kiunoni hadi kooni, na kaa moja baada ya jingine likazima huku yeye akilitazama, mpaka likabaki moja.

"Mwambie," alisema Filomena taratibu.

"Nimwambie nini, bibi? Alikataa kushuka, nyote mnajua..."

Lile kaa likaanza kufifia.

"Hakukataa!" Walburga alilia. "Mimi ndiye niliyempandisha. Alinisihi ashuke, nikafunga mlango. Nilimwonea haya!"

Meno yakanyamaza. Korbinian alijifunika uso. Kaa likapata wekundu, ubani ukapanda.

"Mlikuwa hamjui," Walburga alisema akijifuta machozi.

"Mwanangu, nani alimwosha? Si mimi? Viganja vyake niliviona. Bonde zima linajua. Siku ile ya mazishi pole tulikuwa tunampa yeye, si wewe."

Walburga aligeukia lile doa.

"Na sasa ataondoka?"

"Aende wapi? Sharti lilisema nafasi yake iko hapa."

Benchi lilirudishwa. Doa lingali pale, bichi kiangazi na kipupwe. Kila mgeni mpya akikaa kunywa kahawa huuliza, "Mama, huu ukuta umevujiwa?" Walburga hufungua kinywa kusema bomba, na meno huanza tena, tikitiki.

"Hapana," husema, macho chini. "Ni shangazi yetu. Tulimuua kwa baridi. Sogea kidogo, tafadhali, umemkalia."