Nje ya Ukingo wa Picha

Jua lilikuwa linazama, na Kidole alibakiwa na kazi moja tu kabla ya kufunga duka lake la video: kuitia video ya harusi ya mdogo wake wa kike kwenye flashi, aipeleke ukweni ikatazamwe. Walimwita Kidole kwa sababu akishika kompyuta, kidole chake hutangulia akili. Na jioni hiyo, jamani, kilitangulia kweli.

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, umemaliza?"

"Bado kuitia kwenye flashi tu."

"Basi yule Mama Mkubwa... mtoe."

"Nimtoe wapi?"

"Kwenye video! Pale anapolia mdomo wazi, kucha nyeusi tii. Mama mkwe kaalika ukoo mzima. Watasema nimeokotwa jalalani."

"Si ndiye aliyetulea?"

"Nani kakataa? Katulea, Mungu atamlipa. Lakini hii ni video, siyo shukrani."

Kidole akacheka. Ndiyo, alicheka. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yao, aliwalea wote wawili kwa kuuza mkaa wa kupima kwa kopo, hata weusi ukamwingia kwenye kucha ukagoma kutoka. Huyo ndiye waliyekuwa wakimnyima nafasi kwenye picha.

Sasa, kwenye programu ile ya kuhariri video, kukuza kuko kwa namna mbili. Namna moja hukuza picha yenyewe, kingo zikakatika kwelikweli. Ya pili hukuza kwenye kioo cha kutazamia tu, kwa ajili ya jicho la fundi. Picha yenyewe haiguswi. Kidole alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwao. Ila haraka haina baraka: akabofya ile ya jicho.

Picha ikavimba. Bibi harusi akajaa katikati. Mama Mkubwa akasukumwa pembeni... likabaki bega... likabaki sikio... akaisha.

"Nisamehe, Mama," Kidole akanong'ona. Kisha akakiweka kipande hicho cha kilio kijirudie chenyewe, apate kukikagua.

Kilio kikasikika.

Si ajabu. Ukikuza picha, sauti hubaki palepale. Akazima sauti.

Kilio kikaendelea.

Kidogokidogo, kama mtu anayelilia kiganjani asisumbue wenye nyumba. Na harufu ya mkaa uliomwagiwa maji ikatanda... dukani hamna jiko.

Kipande kikajirudia. Safari hii mpambe aliyekuwa akipiga vigelegele akanyamaza, akageuza shingo, akatazama pembeni. Kikajirudia. Bwana harusi naye akageuka. Kikajirudia... ukumbi mzima. Macho yote kule ukingoni, kule alikosukumwa mtu.

Vidole vinne vikaushika ukingo wa picha.

Kutoka nje.

Kidole akapiga yowe, akabofya kurudisha picha ionekane yote. Watu wakarudi kwenye vigelegele vyao kama hakuna kilichotokea. Lakini pale aliposimama Mama Mkubwa palijaa vimiraba, vyeupe na vya kijivu, vile programu inavyoonyesha mahali pasipo na kitu. Vimiraba vyenye umbo la mtu.

Vikajifuta machozi.

Akabofya kutendua, afute alichokifanya. Akabofya tena. Kompyuta ikamjibu kuwa hakuna cha kutendua. Na ilisema kweli. Picha hakuigusa. Alichogeuza ni kutazama kwake.

Simu tena. "Watu wamekaa, uko wapi?" Akaitia video kwenye flashi vilevile ilivyo, akakimbia.

Ukweni sebule ilifurika. Video ikamulikwa ukutani. Kilipofika kile kipande, Kidole akafumba macho, akingoja wageni wapige kelele. Akasikia kicheko, tena cha furaha.

"Ee, mwoneni huyu!" mama mkwe alikuwa akisema. "Kilio cha namna hii hakinunuliwi. Huyu ndiye mlezi!"

Akafumbua macho. Ukutani, vimiraba.

"Unamwona?" akamnong'oneza mdogo wake.

"Si yule pale!" mdogo wake akajibu kwa kukenua. "Nilikwambia umtoe, wewe ukamwacha katikati. Bahati yako wamempenda. Mama mkwe hata kamtumia mtu amlete. Huyo nyuma yako, msalimie."

Kidole akageuka.

Kiti kitupu. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea.

"Shikamoo, Mama," akakiambia kiti.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mama Mkubwa mwenyewe, nzito, yenye upole. "Mbona waniamkia begani? Nitazame usoni."

Kidole akainua macho kidogo. Akabahatisha.

"Hapo umenipita juu," sauti ikasema taratibu. "Au unanionea haya mbele ya watu?"

Kidole akainamisha kichwa, ukoo mzima ukisikiliza.

Baadaye daktari wa macho hakuona kasoro. Mganga naye alirudisha mikono mfukoni. "Hujarogwa na mtu," alimwambia. "Sijui pa kushika." Dunia nzima Kidole anaiona, hata mchwa ukutani. Ni mtu mmoja tu asiyemwona.

Kila Jumapili huenda kwa Mama Mkubwa. Mlango hufunguka wenyewe, kikombe huelea hadi mezani. Kumweleza ukweli hawezi, ataanzia wapi? Na yule mama, maskini, kadhani kosa ni lake. Majuzi kasuka nywele. Kidole ameambiwa na jirani: kutwa nzima kakaa kwa msusi, na miguu yake ile mibovu, ili mwanawe amtazame.

"Basi nitazame leo," Mama Mkubwa akamwambia. "Nimekuwaje?"

Kidole akatabasamu, akakaza macho mbele yake.

"Umependeza, Mama. Umependeza sana."

Kisha, kutoka nyuma yake, karibu kabisa na sikio:

"Niko huku, mwanangu."