Mzee Koki na Bomba la Upepo

Jamani, mtu asiyejua kitu hatusumbui, tutamfundisha. Kazi ipo kwa yule anayejua kweli. Mmoja wa watu hao nataka kuwaeleza habari zake leo, na nawaomba msimcheke sana, maana ni mtu mwema na mimi nampenda.

Alikuwa fundi bomba mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Koki, kwa sababu ilikuwa vigumu kupata nyumba ambayo hakuwahi kuifungia koki. Alipostaafu aliigeuza gereji ya nyumbani kuwa karakana ya viti. Yeye alichonga na kupaka rangi, mkewe alishona mito ya kukalia. Kila asubuhi baada ya chai, mama alibeba kapu lake la vitambaa, akaketi chini ya dirisha penye mwanga mzuri. Walifanya kazi huku wakitaniana kama wachumba. Mzee akianza kuimba, mkewe alimwambia sasa ameelewa kwa nini panya wamehama. Walikuwa na raha zao, nawaambia.

Siku moja mzee akanunua kompresa, ile mashine ya kusindilia upepo ndani ya tangi, apulizie rangi badala ya kuhangaika na brashi. Kelele zake zilimkera mkewe. Kwa hiyo akaiweka kwenye kibanda nyuma ya gereji, akaamua kulaza mabomba ukutani ili upepo umfikie mezani. Mabomba ya plastiki alikuwa nayo tele, masalio ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Jumapili binti yao alikuja kuwasalimu. Ni mpiga rangi wa magari, upepo wa kusindiliwa ndio anaoshinda nao kutwa. Alimkuta baba yake juu ya ngazi, penseli mdomoni, kopo la gundi mkononi.

"Shikamoo, baba. Hayo mabomba ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ya upepo."

"Ya plastiki?"

"Sasa ulitaka ya dhahabu?"

Binti hakucheka. "Baba, kazini kwetu plastiki ni marufuku. Bomba la maji likipasuka unalowa tu, basi. Upepo ukilipasua, unalirusha vipande vipande, na kila kipande ni kisu. Weka chuma. Nitakuletea mwenyewe na nitakusaidia kufunga."

Mzee akashuka ngazi taratibu, kama mtu mwenye hoja ambayo haina haja ya haraka.

"Maji ni mazito, siyo?"

"Ndiyo."

"Na upepo?"

"Mwepesi, lakini baba..."

"Basi! Bomba linalobeba kizito litashindwaje na chepesi?" Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, huyu nilimshikisha spana mimi mwenyewe. Leo ananifundisha mabomba!"

"Msikilize mtoto," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Wewe umezoea maji. Upepo ni kazi yake."

Lakini mzee alishatia pamba masikioni. Alipomaliza kuunga, aliwasha kompresa, akapitisha kiganja chini ya kila kiungo akitafuta tone, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakupata hata moja.

"Makavu kabisa!" akatangaza.

Ndugu zangu, bomba la upepo lingedondosha nini? Binti alipaka povu la sabuni kwenye viungo, na mapovu yakavimba mahali patatu. Mzee alistaajabu, akaziba pale pote, akashukuru kwa moyo mweupe. Hapo akajiona ameshasikiliza vya kutosha.

"Angalau mama asikae chini yake," binti alimsihi alipokuwa akiaga. Bomba lilikata kona juu ya dirisha, pale pale penye kiti cha mama.

"Anakaa pale kwa ajili ya mwanga. Usinitishie mke wangu."

Binti aliondoka amenuna. Kwa miezi miwili bomba lilifanya kazi bila matata, na kila alipopiga simu baba yake alimwambia, "Bomba linakusalimia."

Ikafika asubuhi moja ya joto kali. Jua la dirishani lilikuwa likiipiga ile kona ya bomba siku zote hizo na kuidhoofisha plastiki. Mzee alikuwa ameinama akikagua mguu wa kiti. Ukatoka mlio kama tairi la lori limepasuka, na alipoinua kichwa aliona vipande vyeupe vya bomba vimechoma dari. Mkewe alikuwa bado amekaa, kiganja usoni, damu ikipita katikati ya vidole.

"Mume wangu," alisema, "huku sioni. Wewe umeumia?"

Mzee akaruka kumshika. Yeye mwenyewe alikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jirani aliwakimbiza hospitali kwa gari lake. Binti alifika mbio na ovaroli yenye rangi, akamkuta baba yake kwenye benchi la korido, ameshika kiatu kimoja cha mkewe.

"Nilaumu," mzee alisema. "Nigombeze. Ulinikataza, mimi nikamwacha akae pale pale."

Binti akaketi, akamshika mkono. "Nitakugombeza mama akipona. Sasa hivi tumsubiri."

Madaktari walitoa kipande jichoni, wakashona. Jicho lilipona, lakini likabaki na ukungu usiotoka.

Yale mabomba ya plastiki mzee aliyang'oa yote kwa mikono yake. Binti akaleta ya chuma. Safari hii yeye ndiye aliyepanda, na mzee akashika ngazi.

"Haya, fundi," mzee aliuliza, "hapa tunafanyaje?"

Binti aligeuka kumtazama. Tangu aanze kazi, baba yake hakuwahi kumwita hivyo. "Tunalaza kwa mteremko, baba, halafu mwisho tunafunga koki ya kutolea maji."

"Upepo una maji?"

"Unayo. Ukisindiliwa, unyevu wake hugeuka maji, nayo yanatolewa kila jioni."

Mzee alitikisa kichwa. Miaka thelathini na minne na maji, na hilo hakulijua.

Mama alirudi dirishani, lakini kutunga uzi kwenye sindano hakuwezi tena. Kwa hiyo kila asubuhi mzee huketi mbele yake, miwani puani, akilowanisha uzi kwa ulimi na kukosa tundu. Siku ya kwanza alihangaika mno hadi mkewe akamtania, "Mabomba yote yale umeyaunga, katundu haka kanakushinda?"

Mzee alicheka. Kisha akalia waziwazi kama mtoto, sindano mkononi. Mkewe akamfuta machozi kwa pindo la kitambaa alichokuwa akishona.

"Tunga, mzee wangu," akamwambia. "Nakusubiri."

Funzo

Ujuaji ni ugonjwa wa watu wenye ujuzi, na wa kwanza kuumia ni wale tunaowapenda, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu nasi. Mwanao akikueleza jambo la kazi yake, mpe sikio kama ungempa fundi mgeni. Hutapungukiwa heshima hata chembe. Na wewe uliyetundika plastiki ya upepo ukutani kwako, usiseme mbona mwaka mzima haijapasuka. Zima kompresa, fungulia upepo wote utoke, na mwondoe mwenzako pale alipokaa. Nenda sasa hivi.