Mshale Juu ya Goti

Kila siku baada ya shule, Futi alibadili sare, akala, kisha akaenda karakanani kwa baba yake. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yao, chini ya paa la bati. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kazi iliyojaa makovu ya patasi, na maranda ya mbao yalitapakaa sakafuni mpaka yakafunika viatu. Baba alikuwa seremala wa milango na makabati. Jina la Futi alipewa binti huyo na mafundi wa humo, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka mkononi, na kwa sababu hakuamini kipimo cha mtu yeyote mpaka akipime mwenyewe.

"Ubao huo nimeshaupima," fundi msaidizi alimwambia mara nyingi.

"Najua umeupima," Futi alijibu huku akiinama. "Nataka kujua kama umeupima vizuri."

Mafundi walicheka, lakini baba hakucheka. Ndiye aliyemfundisha. Kabla ya kukata mbao, baba alipiga mstari kwa penseli, kisha akachora mshale upande mmoja wa mstari huo. Mshale ulionyesha upande wa kutupwa. Fundi yeyote wa karakana ile akiuona hakuwa na haja ya kuuliza: kipande kilichoelekezwa na mshale kilikatwa kikaenda kwenye rundo la kuni. Upande wa kubaki baba aliuwekea alama ya vema, kama mwalimu anavyosahihisha hesabu. Na mbao isiyo na alama haikuguswa na msumeno hata kama mteja amesimama mlangoni akinung'unika.

Futi alikuwa akichechemea. Alipokuwa mdogo alianguka kutoka juu ya rundo la mbao, akavunjika mguu wa kushoto, juu kidogo ya goti. Mfupa uliunga, lakini uliunga umepinda, na kadiri alivyokua goti lilizidi kuingia ndani. Soli ya kiatu chake cha kushoto ililika upande mmoja ikawa kama kabari. Mwaka huo maumivu yalizidi. Wazazi wakampeleka kwa daktari wa mifupa, mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, mwenye viganja vipana kama vya fundi. Daktari alitazama picha za eksirei kwenye taa, kisha Futi akaombwa asubiri nje.

Wazazi walipotoka, aliwauliza, "Amesemaje?"

"Utafanyiwa upasuaji," mama alisema. "Utalala usingizi, ukiamka umepona."

"Watafanya nini nikilala?"

Baba na mama wakatazamana. "Mambo ya madaktari hayo," baba akasema, akaanza kutafuta funguo mfukoni, ingawa hakuwa na mlango wa kufungua.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Baba yake aliweza kueleza kwa nini mlango unalia, kwa nini droo inakwama, kwa nini msumari umepinda. Iweje ashindwe kueleza mguu wa mwanawe?

Tangu siku hiyo Futi alianza kuwachunguza. Alikuta mazungumzo yanakatika kila alipoingia jikoni. Jioni moja baba aliuweka mguu ule mapajani mwake, akaupapasa taratibu kuanzia gotini mpaka kwenye vidole, kama mtu anayeaga. Futi aliliweka jambo hilo moyoni.

Siku ya kulazwa ilipofika, mama alipanga mfuko: nguo za kulalia, sabuni, taulo, mswaki. Usiku wa kwanza wodini Futi aliupekua mfuko huo. Kiatu cha kulia kilikuwemo. Cha kushoto hakikuwemo.

"Mama, kiatu changu kingine kiko wapi?"

"Hicho hutakihitaji kwa sasa," mama alijibu haraka, akakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha bibi mmoja mcheshi, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kidonda kilichokataa kupona. Wodi nzima ilimpenda kwa maneno yake.

"Usinionee huruma, mjukuu wangu," alimwambia Futi. "Nilikuja hapa na kucha kumi za kukata. Sasa nina tano. Nani ana raha kunishinda?"

Futi alijaribu kucheka. "Bibi, siku ile walikuambia kabla kwamba wataukata?"

"Waliniambia, ndiyo. Wakanichora na kalamu, nikawa kama ramani ya dunia."

"Walikuchora wapi?"

Bibi akajigusa paja. "Hapa juu, kabla hawajafika pa kukata." Kisha nesi akaja na dawa, na bibi akageukia kwake kumtania kuhusu viatu vyake vinavyolia kama bata.

Asubuhi, nesi mwanafunzi alimwogesha Futi kwa sabuni ya dawa. Alikuwa msichana mwembamba mwenye tabasamu la haraka, na siku hiyo tabasamu lilikataa kumtoka usoni.

"Leo nitaingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza," alimnong'oneza. "Nitasimama pembeni niangalie. Nimeomba kwa muda mrefu. Utanivumilia nikikodoa macho?"

"Utaangalia mguu wangu?"

"Wako wewe, ndiyo."

Baada ya hapo wakaanza kuja watu na swali lilelile. Sista mkuu, mwanamke mrefu asiyependa mzaha, aliuliza jina lake na mguu gani utafanyiwa kazi. Daktari wa dawa ya usingizi akauliza jina na mguu gani. Mwisho akaja daktari wa mifupa, naye akauliza jina na mguu gani.

Futi aliwajibu wote, "Wa kushoto," lakini moyoni alijiuliza: watu hawa wana picha za mifupa yangu, wana macho, mbona hawajui? Na kama hawajui, watashikaje msumeno?

Daktari akatoa kalamu nene ya buluu, akafunua shuka, akachora mshale kwenye paja la kushoto. Mshale ulianzia katikati ya paja, na ncha yake ikaelekea chini, gotini.

"Vizuri," daktari alisema. "Tutaonana baadaye kidogo." Akaenda zake.

Futi aliutazama mshale ule. Yote yakajipanga, moja juu ya jingine, kama mbao stoo. Ukimya wa jikoni. Mkono wa baba ukipapasa mguu. Kiatu kisichohitajika. Bibi aliyechorwa juu ya pa kukata. Na sasa mshale, unaoelekea gotini, unaoonyesha upande wa kutupwa.

Juu ya kabati la kitanda palikuwa na pamba na kichupa cha spiriti, vilivyosahauliwa na nesi mwanafunzi. Futi alivificha ndani ya gauni la wodi, akachukua magongo aliyopewa wodini, akaenda msalani. Huko alisugua paja mpaka likawa jekundu. Buluu ilisambaa, ikafifia, ikaisha. Mbao isiyo na alama haikatwi. Aliitupa pamba, akarudi kitandani, akajifunika mpaka kidevuni.

Kitanda cha magurudumu kikaja. Mama na baba waliandamana naye mpaka mwisho wa ukumbi, wakaambiwa wakae kwenye benchi. Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, sista mkuu alimsimamisha msukuma kitanda. Akauliza tena jina, akauliza tena mguu gani, kisha akafunua shuka.

Akaukagua mguu kuanzia juu mpaka chini.

"Alama iko wapi?"

Msukuma kitanda akainamisha kichwa kutazama. "Lakini sista, si unaonekana mwenyewe ulivyopinda? Hata mimi nikiwa sijanywa chai ningeujua."

"Na siku atakapokuja mtu mwenye miguu yote miwili iliyonyooka, utaujua kwa chai?" sista akasema. "Hapiti mtu hapa bila alama. Kamwiteni daktari."

Kazi yote ikasimama. Ndani, kupitia kioo cha mlango, Futi aliona watu wenye nguo za kijani wakiweka vifaa chini na kungoja. Sista akamgeukia nesi mwanafunzi, ambaye alikuwa ameshavaa kofia ya kitambaa.

"Nilikuambia umwogeshe kabla daktari hajapita."

"Nilimwogesha kabla, sista."

"Basi mshale umejiondokea wenyewe kwenda matembezini? Spiriti yako iko wapi?"

Msichana akajipapasa mifukoni. "Niliiacha... sikumbuki niliiacha wapi."

"Vua kofia hiyo. Mtu asiyejua spiriti yake iko wapi haingii humu. Rudi wodini."

Nesi mwanafunzi akaanza kufungua kamba za kofia. Fundo likamshinda. Hakumtazama mtu.

Futi angeweza kunyamaza. Alikuwa amepata alichokitaka: kazi imesimama na mguu wake uko salama. Lakini aliwaza kwamba kama nesi yule angerudishwa kwa kosa lisilo lake, basi Futi ndiye angekuwa amempotezea nafasi yake, na yeye huyo huyo amekuwa akiwalaumu wakubwa kwa kuficha mambo.

"Si yeye," akasema. "Nimefuta mimi. Spiriti iko msalani, nyuma ya ndoo."

Daktari wa mifupa alikuwa amefika. Alisogea akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Umefuta kwa nini?"

"Kwa sababu mshale unaonyesha upande wa kutupwa." Akaushika mguu wake. "Mnataka kuukata mguu wangu, na hakuna anayeniambia."

Daktari alimtazama bila kuelewa. Akamtuma mtu kumwita baba. Baba alipofika na kusikia neno mshale, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Karakanani kwangu mshale ndivyo ulivyo. Nimemfundisha mwenyewe, tangu hajajua kusoma." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Daktari akavuta kigoda, akaketi. "Sikiliza, Futi. Kwako mshale unasema, tupa. Kwetu unasema, ni hapa, si pengine popote. Unachorwa ukiwa macho, ili wewe mwenyewe ukubali. Na tunakuuliza jina na mguu si kwa sababu hatujui. Tunauliza kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kumwamini mwenzake bila kuhakikisha."

Futi akawaza futi yake na fundi msaidizi. "Kwa hiyo hamtakata?"

Baba akafungua kinywa, lakini daktari akainua kidole kumzuia. "Sitakudanganya. Mfupa nitaukata. Nitaukata pale ulipounga vibaya, niunyooshe, kisha niufunge kwa bamba la chuma na skrubu mpaka ushikane. Utaumwa kwa siku kadhaa, na utatembelea magongo kwa wiki kadhaa. Lakini mguu ni wako, na vidole vyake vyote vitaamka pamoja nawe."

"Bamba lenyewe likoje?"

Daktari akaagiza, nesi mwanafunzi akaleta bamba la mfano. Futi alilishika, akalipima kwa kiganja, akahesabu matundu yake, akalitazama kwa jicho moja kama baba anavyotazama ubao kuona kama umenyooka.

"Limenyooka," akasema mwishowe.

Daktari akachora mshale upya. Futi akaiomba kalamu. Chini ya goti, kwenye muundi, akachora alama kubwa ya vema.

"Hii maana yake nini?" sista mkuu akauliza.

"Upande wa kubaki," baba akajibu.

Sista akaitazama alama ile, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo midomo yake ikalegea. Akamgeukia nesi mwanafunzi. "Funga kofia yako. Twende. Na baadaye ukachukue spiriti yako nyuma ya ndoo."

Futi alipoamka, paja lilimuuma kama mtu amelipiga kwa nyundo. Kabla ya kuomba maji aliinua shuka. Bandeji nene, goti, muundi, na mwisho kabisa vidole. Akaviambia vicheze, vikacheza.

"Umeupima?" bibi wa dirishani akauliza kutoka kitandani kwake.

"Nimeupima, bibi. Umetimia."

Jioni ile daktari alipita, akakaa ukingoni mwa kitanda, wazazi wakiwa pande zote. "Kuwa na shaka si kosa," akamwambia Futi. "Mimi mwenyewe nafanya kazi kwa shaka, ndiyo maana nauliza kila kitu upya. Lakini shaka yako uliificha ndani ya shuka, na karibu imwangukie asiye na hatia. Ukiwa na shaka na daktari, muulize daktari. Ukiona jibu halikutoshi, uliza tena. Hakuna atakayekukaripia."

"Na sisi tulikosea," baba akasema. "Tulidhani tukikuficha hutaogopa. Kumbe tulikupa giza, ukalijaza mwenyewe."

Mama alifungua mkoba wake akatoa kiatu cha kushoto. Kilikuwa kimepakwa rangi, na soli ya zamani iliyolika kama kabari ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palishonwa soli mpya, nene, iliyosawazika pande zote.

"Nilikipeleka kwa fundi viatu," akasema. "Nilitaka ukikute ukiamka. Nilijua mguu ulionyooka hautaweza kuvaa soli iliyopinda. Hili nalo nilikuficha, lakini hili siliombei msamaha."

Futi alikigeuza kiatu huku na huku. Akakiweka juu ya kabati, akainamisha kichwa akaangalia soli, kisha akamtazama baba.

"Kesho unapokuja," akasema, "niletee pima maji, nione kama soli hii imelala sawa."