Mkungu wa Ndizi na Trei la Mayai

Ndeshi na Gadiel walijuana kwenye mnada wa mazao nje ya kanisa, Maji ya Chai, siku ya sikukuu ya mavuno, wote wawili wakigombea jogoo mmoja. Ndeshi, kitenge cha njano na kilemba kimelala upande, akashinda.

"Pole, kaka. Supu nitakunywa mwenyewe."

"Hata harufu unaninyima?"

Wiki hiyo hiyo alimkaribisha supu, mapenzi yakaanza.

Mavuno yaliyofuata akaja Saruni, dereva wa watalii kutoka Momela, na miwani yake ya jua. Alinunua mkungu wa ndizi, kisha, kama desturi inavyoruhusu, akautoa zawadi palepale: "Apewe Ndeshi, mrembo wa kwaya!"

Vigelegele! Ndeshi akacheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile kilimchoma Gadiel. Wivu hauna adabu, jamani, hata kanisani unaingia.

Gadiel akajitokeza kibosi, kifua mbele, mkono mfukoni, akanunua trei la mayai bila kusikiliza bei. "Apewe Magreth!"

Magreth, rafiki wa Ndeshi wa kwaya, alipokea akitetemeka kwa furaha. Ndeshi akavua joho lake la kwaya, akaondoka.

Siku tatu Gadiel alipiga simu, Ndeshi hakupokea. Siku ya nne akapokea.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wako si Magreth?"

"Wewe ulimchekea Saruni!"

"Ndizi zile alizitoa mama sadaka asubuhi. Saruni katununulia ndizi zetu, tena kibosi! Nisicheke?"

"Zenu? Kumbe!"

"Nawe ukamwiga."

"Kibosi ndiyo vipi, mama?"

"Unampa mtu kitu huku unatazama wengine. Magreth hukumtazama hata mara moja. Yeye anadhani unampenda. Nenda kamwambie ukweli, ndipo uje kwangu."

Alikwenda. Alipofika kwa kina Ndeshi macho yake yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Amenisamehe. Amesema hakuna mtu aliyewahi kutaja jina lake mnadani. Ndeshi, nimekosa. Nakupenda. Nataka kuwaleta wazee wangu hapa, waje kukuposa."

Ndeshi akachukua kanga yake kwenye kamba.

"Walete Jumamosi," akasema. "Sasa hivi naenda kukaa na Magreth."