Aliyefutwa Kwenye Mti wa Ukoo

Kila siku akitoka shule, Sindano hakupitia nyumbani. Alipanda ngazi za nyuma ya duka la rangi hadi chumba cha juu, akavua viatu mlangoni, akafagia, akapangusa meza mbili na kumwaga majani ya chai yaliyolala kwenye birika. Ndipo alipokaa. Chumba kile ndicho kilichokuwa ofisi nzima ya mama yake na mjomba wake, na kilinuka rangi mwaka mzima ingawa kuta zake zilikuwa hazijaguswa na brashi tangu zijengwe.

Jina la Sindano alipewa na baba yake kwa sababu ya wembamba wake. Lilimkaa vizuri zaidi alipojua kuongea, maana maneno yake yalichoma.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa tovuti ya mti wa ukoo. Watu wa familia wanafungua ukurasa wao, wanaandika babu, bibi, watoto na wajukuu, kila mmoja kwenye kisanduku chake chenye jina na picha, na mistari inawaunganisha. Uzuri wake ni kwamba mti uleule ulisomeka kwa lugha kadhaa. Bibi aliusoma kwa Kiswahili, mjukuu aliyezaliwa ng'ambo akausoma kwa lugha aliyokulia, na wote wakawatazama watu walewale. Mjomba ndiye aliyeijenga. Mama ndiye aliyezunguka kwenye vikao vya koo za watu kuwashawishi wajiunge. Mzee mmoja mkalimani, aliyekwisha kustaafu, aliwatafsiria sauti ambazo watu walirekodi. Sindano alisoma upande wa Kiswahili na kuonyesha makosa. Kazi hiyo aliipenda sana, kwani kuona makosa ya watu hakukuwahi kumpa taabu.

Ukoo wa kwanza kujiunga ulikuwa wa Baba. Dada yake mkubwa, yaani Shangazi, alikubali kuwa msimamizi wa mti wao. Kila mwanafamilia aliruhusiwa kuongeza mtu, lakini kuondoa mtu ilikuwa kazi ya msimamizi. Shangazi alijulikana kila kona. Alipoipenda tovuti aliwaambia rafiki zake, rafiki zake wakawaambia wakwe zao, na koo nyingine zikaanza kumiminika. Mama mwenyewe alikiri kwamba bila yeye wangekuwa bado wanatazamana tu mle chumbani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Sindano aliingia kwenye nyumba ya Baba akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba hakumzaa. Lakini Baba ndiye aliyemshika mikono alipojifunza kutembea. Baba ni fundi wa friji, naye alimfundisha kusikiliza friji bovu na kujua penye hitilafu kabla hata halijafunguliwa. Watu wakimuuliza, husema huyu ni mwanangu, basi, bila maelezo. Kwenye mti Mama alimwandika Sindano chini ya majina yao wawili, kando ya mdogo wake wa kiume. Siku moja Sindano akafungua ukurasa, akamkuta mdogo wake yuko peke yake. Chini pameandikwa: Kisanduku kimeondolewa na msimamizi.

Alidhani ni hitilafu, akajiandika upya. Kesho yake hayumo. Akajiandika tena, na jioni akaondolewa tena. Hapo akaelewa kwamba kuna mtu mzima na akili zake, mwenye miwani yake na kikombe chake cha chai, anayekaa kitako kila siku ili kumfuta mtoto wa shule.

Alimweleza Mama. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Mama hakushangaa. Alikuwa anajua.

"Mwache kwanza," Mama alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kuna ukoo mkubwa unataka kuingia, na yeye ndiye anayetuombea. Wakishaingia nitaongea naye. Na baba yako usimwambie, atazua ugomvi."

Jamani. Mtoto anaambiwa asubiri nafasi yake kwenye familia mpaka biashara ikae sawa. Sindano hakujibu, na Sindano asipojibu ujue mambo yameharibika. Alimjibu vibaya rafiki yake kwa kuazima tu kifutio. Chakula alikisukumia mbali. Baba alipomuuliza ana nini, alisema kichwa, na Baba akaenda kumnunulia dawa ambayo hakuihitaji.

Siku iliyofuata Shangazi hakufuta tu. Aliacha na ujumbe juu ya mti: "Tafadhali, mti huu ni wa wanaukoo peke yao." Tovuti nayo, kwa kuwa ilijengwa vizuri, ikautafsiri ujumbe ule kwa lugha zote. Binamu wa ng'ambo, ambao hata kusalimia kwa Kiswahili kuliwashinda, waliuelewa vizuri kabisa. Mmoja akaweka alama ya kuupenda.

Mjomba alikuwa ametoka kufuatilia malipo ya mtandao. Mama alikuwa chini kwa muuza rangi. Kompyuta ya Mama ilikuwa wazi, na Mama alikuwa na uwezo juu ya miti yote. Sindano akakaa kwenye kiti cha mama yake, akakitafuta kisanduku cha Shangazi, akabofya Ondoa. Tovuti ikamuuliza kama anataka kumwondoa pamoja na mwenzi wake, wote walio chini yao, na vyote vilivyomo kwenye visanduku vyao. Akabofya Ndiyo. Shangazi akapotea, na mumewe, na watoto, na wajukuu, na picha zao, na sauti zao. Tusidanganyane, ilikuwa tamu. Aliinuka akafagia chumba kwa mara ya pili.

Jioni ya siku iliyofuata walikuwa wote nyumbani. Baba alikuwa ananawa mikono, na Mjomba alikuwa amepita kunywa chai, Shangazi alipoingia bila hata kubisha hodi. Hakukaa. Sindano alijiandaa kusikia habari za visanduku, lakini Shangazi hakutaja visanduku.

Alitaja sauti ya mumewe. Marehemu, alipokuwa mgonjwa, alirekodi majina ya wazee wake mmoja baada ya mwingine kwa lugha ya mama yake, lugha ambayo watoto wake mwenyewe hawakuijua. Simu iliyomrekodi iliharibika zamani. Sauti ile ilibaki kwenye tovuti tu, na sasa haipo.

"Nilikuwa namsikiliza kila asubuhi," Shangazi alimwambia Mama. "Wifi, kama una neno na mimi, ungenitukana. Marehemu umemfuata nini?"

Mama aliapa kwamba hajagusa kitu. Mjomba akafungua kompyuta yake palepale mezani, akatazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba ukurasa ulifutwa kwa akaunti ya Mama. Macho yote yakamgeukia Mama. Shangazi alisema kesho kukikucha kila ukoo aliouleta utajua ni watu gani waliokabidhiwa wazee wao. Baba alimtazama tu mkewe, na lilikuwa jicho ambalo Sindano hakuwahi kuliona.

Sindano angeweza kukaa kimya. Na kusema kweli, kulikuwa na kipande cha moyo wake kilichotaka Mama naye akione cha moto. Lakini Mama alikuwa analia huku akiapa kwa jambo ambalo kweli hakulifanya, na hilo Sindano hakuliweza.

"Ni mimi," alisema. "Nimekufuta kama wewe unavyonifuta, Shangazi. Ila mimi nimefuta mara moja."

Baba akapangusa mikono yake polepole, akauliza nani anafutwa, na wapi. Sindano akamwambia, kwenye mti. Akaomba simu ya dada yake. Ule ujumbe bado ulikuwepo juu ya mti, na Baba akausoma kwa kufuatisha kidole, mpaka mwisho. Kisha akashuka kwenye visanduku, akamkuta mwanawe wa kiume yuko peke yake.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida, "shemeji alizaliwa kwenye ukoo wetu?"

"Hakuzaliwa. Wewe si unajua?"

"Mbona alikuwa kwenye mti?"

"Nilimweka mimi. Alikuwa mume wangu."

"Na huyu namweka mimi. Ni mwanangu."

Shangazi akakaa. Kiti kilikuwa nyuma yake tangu mwanzo, lakini ndiyo kwanza alikikumbuka.

Usidhani Baba aliishia hapo. Alimgeukia Mama, akamwambia kwamba amemuuza mtoto wake kwa bei ya wateja. Halafu akamgeukia Sindano, ambaye alikuwa ameshaanza kujiona mshindi. "Na wewe usifurahi," alimwambia. "Yule mzee alikukosea nini?"

Hapo hasira ya Sindano ikakosa pa kushika. Mzee yule hakumkosea lolote. Alipokuwa hai, alimwita mwanetu mbele za watu wakati mkewe akigeuza uso, na Sindano alipobofya Ndiyo hakumkumbuka hata kidogo. Alimfikiria Shangazi peke yake.

Mjomba alikuwa na nakala ya miti yote kwenye diski, na visanduku vilirudi siku ileile. Sauti hazikurudi. Zilikuwa nzito, hakuwahi kuzinakili, na yeye naye akajilaumu kwa uvivu huo. Tumaini lililobaki lilikuwa kwa mkalimani. Baba akasema atakayekwenda kuomba ni Sindano, na atasema mwenyewe anaomba nini na kwa nini.

Akaenda na Mjomba, lakini Mjomba alibaki nje. Mzee mkalimani aliitikia shikamoo yake, akamsikiliza hadithi nzima huku akizidi kukunja uso. Alikuwa ameitafsiri sauti ile neno kwa neno, akirudiarudia kikohozi cha mgonjwa ili ayapate majina, na sasa kitoto kinakuja kumwambia kimeifuta kwa hasira. Alimpa maneno yake, makali, na Sindano akayapokea yote bila kurudisha hata moja. Ndipo mzee akavaa miwani na kufungua simu. Kulikuwa na jina ambalo hakulisikia vizuri, kwa hiyo sauti hakuifuta. Ilikuwepo. Sindano akaketi palepale sakafuni akalia.

Mambo mengine yalinyooshwa siku zilizofuata. Mjomba alibadili tovuti ili mtu aliyeandikwa na mzazi wake asiweze kuondolewa na mwingine yeyote, hata msimamizi, hata Mama. Mama alimwomba Sindano radhi, kisha akaenda kwa Shangazi kumwambia kwamba Sindano amerudi kwenye mti na atabaki, na anayetaka kuondoka kwa sababu hiyo na aondoke. Wachache waliondoka. Ule ukoo mkubwa ulichelewa, ukauliza maswali mengi, na mwishowe ukaingia, kwa sababu nao walikuwa na watoto wa namna ya Sindano na walitaka kujua kama watakuwa salama.

Mambo ambayo nakala ya diski haikuwa nayo ilibidi yaandikwe upya. Sindano ndiye aliyepelekwa sebuleni kwa Shangazi kuyaandika. Kwanza alimrudishia sauti. Shangazi aliisikiliza ameuelekea ukuta, na Sindano akatazama vidole vyake mwenyewe mpaka ikaisha. Kisha wakafanya kazi, Shangazi akitaja na Sindano akiandika, mchana kutwa, bila soga. Walipomaliza, Shangazi alivua miwani.

"Sitakudanganya," alisema. "Kukuzoea itanichukua muda. Lakini sitakufuta tena."

"Na mimi bado nina hasira na wewe, Shangazi."

"Najua. Weka na picha ya huyu mjukuu wangu, umeisahau."

Baba alimsubiri nje na sanduku lake la vifaa. Walitembea mpaka walipoyapita maduka, ndipo Sindano akamsimulia walivyoongea. Baba alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," alisema. "Mimi nilikasirika kuliko wewe. Lakini haki yako uliificha, ukangoja watu watoke chumbani, ukaitumia kama mwizi. Hasira ya mafichoni haichagui wa kumpiga, ndiyo maana ilimpiga marehemu. Ukionewa, sema. Sema mbele za watu, lia, piga kelele, hata ukikatazwa kusema. Kama ungeniambia siku ile ya kwanza, mwanangu, nisingelala kabla jina lako halijarudi."